Kabla Hujapokea Kikombe

Ruiru,
Jumapili, baada ya kanisa

Mumbua mwanangu, mama mkwe wangu mdogo,

Nakuandikia ukiwa umeenda kuaga kwa kina Njeri, na najua utakawia, maana nyinyi wawili mkianza kuagana mnasindikizana mpaka mnarudi mlikotoka. Baba yako yuko kwenye kiti chake, Biblia iko magotini, na macho yamefungwa. Atakuambia alikuwa anatafakari. Sanduku lako amelizungushia kamba za mkonge kila upande, utadhani ni mbuzi wa sokoni mwenye tabia ya kutoroka. Basi nimepata meza peke yangu, na kalamu yako nimeiiba.

Utaniona nimeandika kwa Kiswahili, wala usishangae. Mimi Mkikuyu, baba yako Mkamba, na tangu tuoane tumegombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Neno likiwa zito kwangu, huja kwa lugha hiyo hiyo.

Mambo ya sabuni, blanketi, sala na marafiki wabaya baba yako ameyaeleza wakati wa chakula, kisha akayarudia tukinywa chai. Sitayagusa. Nina jambo moja tu, nawe unalijua.

Mwezi uliopita, baba yako alipokupeleka chuo cha ualimu kuhojiwa, yule mama msimamizi wa bweni alikuuliza kama una ugonjwa wowote. Ukasema huna. Baba yako alikuwa amesimama hapo hapo, kofia mkononi, akanyamaza. Ameniambia juzi tu, tena kwa sababu nilimbana. Nilipomuuliza kwa nini hakufungua mdomo, akasema, “Sasa ningemkatiza mama yangu vipi?” Unamjua. Tangu tukupe jina la mama yake hajawahi kukupinga hata mara moja, na mimi ndiye nimebaki kuwa mkali wa nyumba hii.

Jana tukichambua maharagwe nikakuuliza wewe mwenyewe. Ukaniambia, “Mama, huko hakuna anayenijua. Sitaki kuanza tena kuitwa Njugu. Nitajitunza.” Nikaendelea kuchambua, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali, mwanangu. Nilishika maharagwe tu.

Ningekuwa na kibali cha kusafiri ningekupeleka mwenyewe. Ningemshika yule mama wa bweni mkono na nisingeuachia mpaka anielewe. Lakini unajua siku hizi za Hali ya Hatari zilivyo kwetu sisi Wakikuyu. Baba yako Mkamba anapanda gari moshi, mimi mke wake nabaki stesheni nikipunga leso. Kwa hiyo linalotakiwa kusemwa huko litasemwa kwa mdomo wako, la sivyo halitasemwa. Hilo linanitia hofu kuliko nilivyokuonyesha jana.

Acha nikueleze jambo ambalo unalijua upande mmoja tu, upande wa mtoto.

Nilipoolewa na baba yako, watu wa kwetu walisema nitalishwa dawa za Kikamba. Watu wa kwao walisema wameletewa Mkikuyu atakayewapimia chakula kwa kijiko. Miaka ya kwanza hakuna aliyekula kwa mwenzake bila kuchungulia chungu. Ukazaliwa wewe, na mimi nikaapa kwamba mtoto wangu hatachungulia chungu cha mtu. Atakula kwa cucu yake, mama yangu, na atakula kwa susu yake, mama ya baba yake, anachopewa, chote, na atasema asante. Kumuuliza mwenye nyumba “hiki ni nini?” kulikuwa kama kumwambia usoni kwamba ni mchawi. Nilikufunza hivyo mapema sana, kwa ukucha wa kidole gumba kwenye paja lako, chini ya meza, mahali ambapo wageni hawaoni.

Na ulifunzika. Loo, ulifunzika. Pande zote mbili zilikusifu. Wakasema, tazama mtoto wa Wambui, ana adabu, hachagui. Nilivimba kichwa. Leo nikikumbuka sifa zile natamani kuzitapika.

Siku ya kwanza ulikuwa bado unabebwa mgongoni ukichoka. Tulikuwa kwa susu yako, akakaanga njugu karanga kwa heshima yetu, akakujazia kiganja. Ulitafuna kidogo ukanitazama. “Mama, mdomo unawasha.” Susu yako alikuwa anatutazama. Nikatabasamu, na chini nikakufinya. Ukameza. Jioni mwili wako ulijaa vipele vikubwa kama umepigwa na kiwavi, na mimi nikasema ni upupu wa shambani. Kila mtu akakubali kwamba ni upupu.

Ikatokea tena, na tena, kila mara kwa namna yake. Mara midomo inavimba, mara unatapika. Nikasema ni minyoo, nikakunywesha dawa ya minyoo. Mama yangu akasema wewe ni mlaini tu, na mtoto huzoeshwa. Nikamsikiliza. Nilitwanga njugu, nikazificha kwenye irio zako za viazi vya kupondwa, kijiko leo, kijiko kesho kutwa. Ulikuwa ukilia ukiona sahani, na mimi nikisema una kiburi. Niliacha kwa sababu njugu ziliisha nyumbani, si kwa sababu nilipata akili. Daktari aliponieleza baadaye kwamba mwili wa namna yako hauzoeshwi jikoni, kwamba kijiko kimoja kingetosha kukuua, nilitoka nje nikakaa kwenye majani. Hilo sijawahi kukuambia.

Sasa ile siku ya shule. Wewe unakumbuka mwanzo wake, mwisho wake ulikuwa umezimia.

Ulikuwa darasa la tatu. Mvua zilikuwa zimekosa, watoto walikuwa wakienda shule na matumbo matupu, na ilikuwa kawaida mmoja au wawili kuanguka wakati wa kuimba asubuhi. Miaka ile mtoto akianguka shuleni dawa yake ilikuwa moja tu, uji. Mwalimu anaita, Cucu Ruthi mpishi anakuja na kikombe, mtoto anakunywa, anakaa kivulini, anarudi darasani. Dawa hiyo ilifanya kazi, nisiidharau. Ilifanya kazi kwa wenye njaa.

Siku hiyo maziwa ya uji yalikosekana. Cucu Ruthi, Mungu amweke, akawahurumia. Akaenda kwake akaleta njugu alizokuwa amejiwekea, akazitwanga, akazikorogea ndani ya uji ili watoto wapate nguvu. Alikutolea kikombe kwa mkono wake, wa kwanza, kwa sababu ulikuwa mtoto wa adabu. Ulionja. Ulijua. Hukuwa mjinga, ulikuwa umeshajua ladha ile ni ya nini. Ukanywa mpaka chini, ukasema asante.

Ulipoanguka, mwalimu wako alifanya alivyofanya kila siku. Aliita uji. Wakakuinua, wakakukalisha, wakakutia kikombe cha pili mdomoni. Midomo ilikuwa imeshavimba, uji ukamwagika kifuani, mwingine ukaingia. Mwalimu alipoona shingo yako inavuta pumzi na haiipati, ndipo alipojua hii si njaa. Akakubeba mgongoni akakimbia nawe kupitia shamba la kahawa hadi kwenye kinu cha kuikobolea, ambako baba yako na wenzake walikuwa wakipakia magunia kwenye lori. Wakaangusha magunia chini. Mimi nilikuwa kwenye mistari ya kahawa nikichuma, nikaona lori linapita na baba yako amesimama nyuma amekukumbatia, akiniita kwa jina langu la usichana. Nilikimbia nyuma ya lori mpaka dereva akanionea huruma.

Barabara ya Thika haijawahi kuwa ndefu vile. Ulikuwa na rangi ya majivu. Nilikuwa nikikupulizia hewa usoni kana kwamba wewe ni moto unaozimika, na sikujua kufanya lingine lolote. Hospitalini daktari Mhindi hakutuuliza jina wala kabila. Alikuchoma sindano pajani, akaamuru ulazwe miguu ikiwa juu kidogo, akasimama akikutazama. Kisha pumzi ikarudi. Ilirudi na kelele kama mlango wenye kutu, na mimi sijasikia wimbo wa kanisa unaofikia kelele ile.

Ulipoweza kusema nilikuuliza kwa nini ulikunywa uji uliojua utakuumiza. Ulinitazama bila hasira hata kidogo. Ulisema, “Wewe ulinifunza nisikatae.”

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe ulifunzwa na mamayo, na mafunzo yenyewe yakakulaza pale.

Ungedhani baada ya hapo nilipata hekima papo hapo. Wapi. Daktari alitueleza vizuri kwamba si uchawi, si laana, wala si uchafu wa damu. Mwili wako unaziona njugu kama adui, na unapigana mpaka unajiumiza wenyewe. Akasema ni lazima shule ijue. Nikaitikia ndiyo, daktari. Nilipofika nyumbani nikawaambia watu ilikuwa malaria. Nilijua watakavyosema. Wa kwetu wangesema ni dawa za Kikamba zimeingia damuni, wa kwao wangesema ni mbegu ya Mkikuyu, na atakayekuoa kesho angesikia. Nilikurudisha shule na malaria yangu ya uongo, nikakuambia nawe useme hivyo hivyo. Kwa hiyo najua vizuri sana hilo ulilofanya mbele ya mama wa bweni. Nilikufunza mimi.

Aliyenivunja ni mwalimu wako. Alikuja nyumbani jioni moja, akakataa chai, na Mkikuyu akikataa chai ujue kuna neno. Akasema amekuwa halali vizuri. Kila akifunga macho anaona mkono wake mwenyewe ukikutia kile kikombe cha pili. Akaniuliza, kwa upole, “Mama Mumbua, ilikuwa malaria kweli?” Nikasema ilikuwa malaria. Akasema, “Basi nikimwona tena vile, nitampa uji tena. Sijui lingine.”

Mficha maradhi kilio humfichua. Nilikuwa nimeutumia msemo huo kwa watu wengine mara nyingi. Nikalia mbele ya mwalimu kijana, nikamwambia yote, mpaka kijiko cha irio.

Yaliyofuata unayakumbuka, maana yalikuletea jina. Cucu Ruthi alitenga sufuria na mwiko wa shule visivyogusa njugu, na kila asubuhi alikuita kukuonyesha alichotia, naye akilia kidogo kila mara mpaka ukachoka kumfariji. Mwalimu alienda kwa dresa, yule mtoa dawa wa zahanati ya shamba, wakakubaliana dawa ile ya sindano isikose. Halafu akawafunza darasa zima. Mtoto akiwashwa mdomo, akivimba au akishindwa kupumua, asitiwe kitu chochote kinywani. Mwenye mbio akimbilie zahanati. Mwingine aende kinuni kuita lori. Mmoja akae naye asimwache, na asimruhusu kusimama na kutembea hata akisema amepata nafuu. Kisha mkafanya mazoezi. Wewe ulilazwa kwenye nyasi kuwa mgonjwa, siafu wakakupanda, ukafufuka kabla ya lori. Njeri alipewa kazi ya kuzuia vikombe. Aliifanya kwa moyo wote hata akamzuia mwalimu kunywa chai yake.

Najua mchezo ule ulikuumiza. Ulirudi nyumbani ukasema wanakuita Njugu, na mimi nikasema ni utani, utapita. Haukupita. Uliitwa hivyo mpaka darasa la nane, na kuna siku uliogopa kwenda shule. Nilipaswa kukuuliza zaidi kuliko kukuambia utapita. Unastahili kwenda mahali ukawa Mumbua tu, msichana wa Ruiru anayejua hesabu. Nakuonea huruma kwa hilo, na sitajifanya ni jambo dogo.

Lakini umeenda kumuaga nani sasa hivi?

Kumbuka siku ile nyuki walipotoka kwenye mzinga ule wa mti wa kivuli, karibu na uwanja wa shule. Waliumwa watoto kadhaa, wakalia, wakapona. Njeri peke yake akaanza kuvimba uso na kukosa pumzi. Hakuwahi kula njugu zikamdhuru, hakuna aliyejua nyuki ni adui wake. Nani aliyejua la kufanya? Ni watoto wa darasa lako. Wewe ndiwe uliyekimbilia zahanati, ukamleta dresa na sindano yake. Alipofika, Njeri alikuwa amelala kwenye nyasi, pameachwa nafasi, na mtoto mwingine amesimama kando yake akizuia vikombe. Kisha lori likampeleka Thika, kwa sababu dresa alisema hali hiyo inaweza kurudi hata baada ya sindano. Mama yake Njeri alikuja hapa kunishukuru, akidhani mimi ndiye niliyeomba watoto wafunzwe. Nilishindwa kumwambia kwamba nilikuwa tayari kuuficha ugonjwa wako.

Kwa hiyo lile jina, Mumbua, ubaya wake naujua. Lakini kama ungekuwa msichana asiye na jina, mwenye malaria ya mama yake, Njeri angepewa uji.

Unaenda kusomea ualimu. Siku moja utasimama mbele ya watoto, na mmoja wao atakuwa amefunzwa adabu na mama kama mimi. Atakuna mdomo na kukutazama, na hatasema kitu. Sijui utamtambuaje ikiwa wewe mwenyewe umeamua watu wa namna yenu hawapo. Sikuambii hili nikukemee. Hata mimi sijui ningefanya nini nikiwa na umri wako, na bweni zima la wasichana wapya, na jina langu safi. Nadhani ningesema sina ugonjwa.

Naogopa, mwanangu. Naogopa mpishi mwema ambaye sitamjua kamwe, mwenye huruma kama Cucu Ruthi, atakayekutilia kitu kitamu kwa sababu amekupenda. Wabaya utawakwepa, una macho. Wema ndio wanaoninyima usingizi. Na naogopa ule ukucha wangu, kwamba bado uko kwenye paja lako.

Sitaki uniahidi kitu. Ahadi za stesheni ni maneno ya leso. Nataka tufanye mazoezi, mara moja tu, kama yale ya kwenye nyasi, lakini siafu hawatakuwepo.

Kesho asubuhi, kabla ya gari moshi, nitakupa uji. Nitautoa kwa mikono miwili, kwa heshima, na susu yako atakuwa ameketi hapo, maana amesema atafika alfajiri kukuaga. Baba yako atakuwepo pia, na pengine mama yangu. Wote watakutazama. Usipokee. Niulize kwa sauti, mbele yao wote, “Mama, ndani kuna nini?”

Nitakujibu. Na ukitaka kukataa, kataa, nami nitaumwaga mbele ya wageni, na hakuna kidole kitakachokugusa chini ya meza. Nimeshamweleza susu yako. Amesema kama mimi sitakujibu vizuri, atanifinya yeye.

Ukiweza kuniuliza mimi, mbele ya hao, utaweza kumwambia yule mama wa bweni.

Usiponiuliza, kikombe nitakishika hivyo hivyo, uji upoe, gari moshi lipige honi na liondoke. Mkono wangu una nguvu, nimechuma kahawa miaka mingi. Nitasubiri.

Mama yako,
Wambui